Neno Lililomkimbiza Mama Mkwe

Nakiri, aibu yangu kubwa kuliko zote niliipata kanisani, mbele ya mama mkwe, kwa ajili ya neno moja la Kiingereza ambalo hakuna aliyenilazimisha kulitafsiri.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vya Likasi, kwetu Kongo, vimezimika, nami nilikuwa nafuata unga Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huko nikaokota Kiingereza cha sokoni (bei gani, punguza, rafiki yangu, basi). Jumapili moja, kanisani kwetu mtaa wa Panda, akaja mhubiri kutoka Zambia, mkalimani wake akakwama njiani, pasta akauliza nani anajua Kiingereza. Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Ngoie, mama wa Yvonne niliyekuwa namposa, na alikuwa bado hajanikubali. Nikasimama. "Miye, Pasta."

Mwanzoni niliteleza vizuri, kila nisichoelewa naweka "Mungu ni mwema" na watu wanaitika amina, mpaka mhubiri akaanza kurudia bless, bless. Akili ikakimbilia Kifaransa cha shule, ambako blesser ni kujeruhi, nikaona hapa sikosei.

"Mungu amenituma niwajeruhi," nikatangaza. Amina zikapungua. "Atawajeruhi nyumbani, atawajeruhi shambani, hata watoto wenu." (Nilidhani wamenyamaza kwa kuguswa.) Mhubiri akashuka, mkono juu, akamwendea Mama Ngoie, nami kwa sauti kubwa: "Mama, anaanza na weye."

Mama Ngoie akaruka benchi, akaacha kiatu kimoja, akatoka mbio na nusu ya kanisa nyuma yake, mhubiri naye akawafuata uani mkono bado juu, akifikiri Roho amewashukia. Muuza samaki mmoja aliyekulia Zambia akanivuta shati. "Weye, bless ni kubariki."

Wiki nzima sikupita barabara yao. Kisha mwalimu mmoja mzee akanieleza kwamba bless ilitokana na neno la Kiingereza la damu, maana zamani walipaka kitu damu ya sadaka ili kiwe kitakatifu, ila blesser ya Kifaransa ina ukoo wake mwingine kabisa. Nikashika ile nusu ya kwanza tu, nikakimbia kwa Mama Ngoie kujitetea. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaita ndani: "Yvonne, ile muntu yako amerudi. Sasa anasema hata damu itatoka."

Baadaye alinikubali, akisema mwanaume asiyejua kudanganya hatamsumbua mtoto wake. Lakini tangu hapo, mtu akiniuliza kama najua Kiingereza nasema hapana, na hiyo hapana yenyewe naisema kwa Kiswahili.