Nilimzushia uchawi fundi redio mwenzangu Bariadi, kumbe kapasita nilikuwa nazipasua mwenyewe

Wakuu, mwangaluka. Haya sijasimuliwa na mtu, niliyafanya mimi, na mengi yananiaibisha.

Soko huria lilipoanza, wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi na redio za nje zikajaa madukani. Mkulima akiuza pamba, ananunua redio. Ikifa, analeta kwangu. Fundi pale sokoni nilikuwa peke yangu.

Akaja Kabula, dada kutoka Lamadi aliyejifunza ufundi Mwanza. Akapanga kibanda mkabala na changu.

Wakuu, roho iliniuma.

Redio zangu zilirudi baada ya wiki. Asubuhi inaongea safi, ikipata joto stesheni inahama. Za kwake hazirudi. Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja, nawaona.

Nikaongeza speed nimpite. Nachomelea kapasita, nadondoshea maji ipoe chap kama kawaida yangu, nashika nyingine.

Siku moja nikamwambia mteja, "Yule mwanamke si bure, ana dawa."

Kwetu Usukumani neno hilo kwa mwanamke si utani. Wapo waliouawa kwa hilo. Siku chache tu, watu wakaacha kumsalimia, mwenye kibanda akamwambia ahame.

Kabula akavuka barabara, akaja kwangu wateja wakiwepo.

"Kaka, nasikia nina dawa. Nipe redio moja iliyokurudia."

Nikampa. Akang'oa kapasita ya ceramic inayosaidia redio kushika stesheni, ndogo kama kifungo cha shati, akakwangua ganda lake kwa wembe, akanipa lenzi.

"Unaona nini?"

"Ufa." Ulikuwa mwembamba kuliko unywele.

"Huu ni udongo uliochomwa. Ndani ni chembechembe zimeshikana, na tangu zitoke tanuruni zinavutana na kusukumana. Ukubwa wa chembe na huko kuvutana ndiko kunaamua inatunza umeme kiasi gani. Wewe unaipa moto, halafu maji ghafla. Inapasuka. Redio ikipata joto ufa unacheza, stesheni inahama."

(Baadaye nilisoma kitabu cha ufundi, nikakuta hivyo hivyo.)

Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa dawa iko wapi, ng'wanawane, mwanangu?"

Nikasema, "Hakuna dawa, baba. Nilidanganya kwa wivu."

Nikaenda kwa mwenye kibanda nikarudia hivyo hivyo. Kabula akabaki.

Nikaanza kuziacha zipoe zenyewe, redio zikaacha kurudi. Ila sitawadanganya, akisifiwa bado niliumia.

Misimu miwili baadaye alirudi kwao. Mpaka anaondoka, wapo watu wa kijiji cha Mwamapalala waliokuwa wanakikwepa kibanda chake. Mimi nilikanusha sokoni tu. Neno lilishafika vijijini, na sikwenda kulifuata.

Nilichojifunza: anayekuzidi kazi, muulize anafanyaje. Ukishamchafua, kuomba radhi mahali pamoja hakutoshi.

Uliyewahi kumchafua mtu kwa wivu, ulirekebishaje? Na mafundi, nilipokosea kwenye kapasita nirekebisheni.