Nyimbo Zilizopata Mia

Nyimbo zote za babu nilizipa alama mia, bila mtihani. Nilikumbuka juzi, mwalimu wa fizikia aliponirudishia karatasi yangu yenye kumi na mbili nyekundu.

Nyumbani kwake, mtaa wa Isevya, babu alikusanya karatasi za nyimbo zilizochapwa, za kwaya na za harusi, zikinuka tumbaku. Macho yake yalikuwa yameshashindwa na maandishi madogo, kwa hiyo kila karatasi aliiandikia namba kubwa nyekundu pembeni, akaikariri. Mimi, wa darasa la kwanza, niliona tatu, saba, kumi na moja, nikajua zimefeli. Nikazihurumia. Kuku wakiparua uani, nikasiliba kila namba kwa kalamu yake nyekundu, nikaandika 100.

Alasiri babu akatafuta saba, wimbo walioimbiwa yeye na marehemu bibi siku ya harusi yao. Akainua karatasi moja, akainua nyingine.

“Mjukuu wangu, mbona wote wamefaulu?”

Akacheka. Kisha akaendelea kuzipapasa, na mimi nikatamani viboko.

“Mama, mimi sijui kusoma vizuri,” nilijitetea alipotoka jikoni, kabla hajaniuliza.

Mama akanikalisha mkekani. “Irabu unazijua. Msomee babu yako karatasi moja moja, mpaka ampate mke wake.”