Magunia ya Usipa na Shahada ya Walburga

Walburga Kapinga hakujua kukaa. Hata darasani, kwenye sekondari ya Liuli alikofundisha Historia, alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani huku akisema, na kengele ikilia alitoka kabla ya wanafunzi wake. Alizaliwa kijiji cha Ukata, kwenye kahawa, akaolewa huku ziwani na Henry, fundi wa maboti. Watu wa ufukweni walizoea kumwona akishuka mchangani na vumbi la chaki mikononi, akiuliza usipa, dagaa wadogo wa ziwa lile, ukoje leo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipandisha magari yao Mbinga, mitumba ikajaa minadani, na mwalimu asiye na mradi alionekana mvivu. Walburga alinunua visamaki hivyo vikiwa vimeshakauka juani, akavipeleka Mbinga na Songea, akarudi na maharage. Mbinga mjini alikuwa na kiwanja, na msingi wa nyumba ya wageni ulikwisha kuinuka. Juu ya hayo yote alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, akisomea shahada ya ualimu hukohuko nyumbani. Vitabu vilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mwaka wa kwanza aliumaliza vizuri. Wa pili aliahirisha mitihani kwa sababu usipa ulikuwa mwingi. Uliofuata akaahirisha tena, kwa kuwa tanuri la matofali lilikuwa linawaka na hakuna wa kulisimamia. Kila mara alikuwa na sababu, na kila mara sababu ilikuwa ya kweli.

Mwaka wa mvua za El Nino aliapa kwamba safari hii atakwenda Songea kuifanya mitihani. Asubuhi ya kuondoka, Henry alimkuta akipakia magunia kwenye lori.

"Mama Devotha, hiyo si safari ya mtihani?"

"Songea si naenda hata hivyo? Niende mikono mitupu?"

"Utaingia chumba cha mtihani unanuka samaki."

"Watasahihisha karatasi, siyo gauni."

Lori lilizama kwenye matope mlimani, pale barabara inapoliacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Mbinga. Methodi, dereva wake, alikata matawi akayatandika chini ya magurudumu, lakini kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo gari lilivyozidi kwenda chini. Mvua haikukatika. Baadaye likaja Landrover kutoka nyuma, likapita pembeni kwa shida, likasimama mbele. Lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, bila mzigo.

"Mwalimu, panda," Methodi akamwambia. "Wewe una mtihani."

"Na magunia?"

"Mimi si nipo?"

Walburga aliweka mguu mmoja garini. Akageuka kuliangalia lori, kisha akaushusha ule mguu.

"Nendeni tu," alisema.

Akarudi kukaa chini ya turubai. Turubai lenyewe lilikuwa limetoboka. Siku trekta lilipokuja kulivuta lori, mtihani ulikuwa umekwisha kufanyika na usipa umeoza. Aliumwaga mwenyewe bondeni, gunia moja baada ya jingine.

Nyumbani alimkuta Henry akipiga randa ubao wa boti. Hakukaa. Alizunguka lile boti mara kadhaa ndipo akasema.

"Baba Devotha, lori lilipozama nilifurahi."

Henry akasimamisha randa. "Ulifurahi nini?"

"Kwamba sitafika."

Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alipomaliza kidato cha sita, baba yake aliwatangazia watu wa parokia nzima kwamba binti yake anakwenda chuo kikuu. Matokeo yalipotoka hakuchaguliwa, na baba akaanza kwenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri, ili asikutane na watu. Tangu hapo Walburga akikaribia chumba cha mtihani huona kazi nyingine inayomwita.

"Kumbe tatizo si muda," Henry akasema.

"Muda nao umo. Ila nimeujaza mwenyewe."

Akaamua kupunguza. Alimwendea wifi yake, Ida, mdogo wake Henry, aliyekuwa akimsaidia kununua usipa.

"Wifi, nishikie biashara mpaka nimalize masomo."

Ida alikuwa anageuza usipa kwenye chanja. Hakuinua uso. "Nikushikie, niikuze, halafu uje uichukue? Mimi si stoo, wifi. Ukinipa, nipe kabisa. Hutaki, endelea nayo."

Walburga aliondoka amekasirika. Wiki ile hapakukalika naye. Alifua nguo safi, akahamisha kitanda, akamgombeza mwanawe Devotha kwa kosa la mtoto wa jirani. Kilichomuuma ni kwamba Ida alisema kweli. Biashara iliyowekwa pembeni ingemwita kila siku, na yeye angeitika.

Alipanda Mbinga kumwona kaka yake Mansuetus. Wakaenda pamoja kiwanjani. Walburga alitembea juu ya msingi, mapokezi hadi jikoni, chumba hadi chumba, akivitaja kama vile vina milango. Kisha akashuka.

"Panda mahindi humu."

Mansuetus alicheka. "Ndani ya vyumba?"

"Ndani ya vyumba. Miye sijengi."

"Umeacha?"

"Nimeacha, kaka. Usiniulize tena, nitabadili mawazo."

Aliporudi Liuli alikwenda moja kwa moja kwa Ida, kabla hata ya kuweka mkoba chini. "Chukua," alisema. "Chukua kabisa."

Hakugeuka kuwa mtulivu. Akifungua kitabu mezani, baada ya kurasa chache miguu ilimtoa nje. Basi akawa anasoma akitembea ufukweni kwa sauti, na wanawake wa kwenye chanja wakasikia habari za viwanda vya Ulaya hadi wakaanza kumuuliza maswali. Honi ya lori ikilia alifunga kitabu akaenda hadi nusu ya njia, akasimama, akarudi. Ida naye alikuwa hodari kuliko yeye. Alifikisha usipa hadi Litumbandyosi, mahali ambapo Walburga hakuwahi hata kupafikiria. Wivu ulimwingia, akaendelea kusoma nao hivyo hivyo.

Mitihani ilipofika aliondoka mapema, na vitabu tu. Katika chumba cha mtihani huko Songea, karatasi ilipowekwa mbele yake, alisukuma kiti nyuma. Akainuka.

Msimamizi alimfuata. "Unataka kutoka?"

Mlango ulikuwa wazi. Walburga aliutazama.

"Hapana. Nataka kusimama kidogo."

"Haya, simama hapo hapo."

Swali la kwanza alilijibu akiwa amesimama, ameinamia meza. La pili alikaa.

Somo moja lilimwangusha, akalirudia mwaka uliofuata. Habari za kushindwa safari hii aliwaambia watu mwenyewe, kanisani hata sokoni, kabla hawajauliza. Ilimchukua miaka mingine hadi kumaliza, na alipovaa joho Devotha alikuwa amemzidi urefu.

Baada ya sherehe alimfuata Ida, ambaye sasa alikuwa na duka na mashine ya kusaga.

"Wifi, si tushirikiane kidogo?"

"Tulikubaliana, wifi," Ida akasema, akamkatia kipande cha keki. Walburga alicheka, ingawa jibu lilimchoma.

Haukupita muda akaomba uhamisho, akapelekwa Mbinga kufundisha kidato cha tano. Henry alimfuata akinung'unikia baridi. Huko juu hakuna anayehitaji boti, kwa hiyo alianza kutengeneza vitanda. Miezi ya mwanzo watu walivisifu kwa uimara, ila waliuliza kwa nini mbao za ubavuni amezipinda kama za boti.