Sauti ya Babu Siku ya Ijumaa Kuu

Tangu wimbo wa Utukufu wa misa ya Alhamisi Kuu hadi ule wa mkesha wa Pasaka, kinanda cha kanisa la kijiji cha Montelera hakiguswi. Kengele za mnara hufungwa kamba, watu huitwa kusali kwa kugongesha vibao, na mpiga kinanda hufunga kifuniko na kuutia ufunguo mfukoni. Egidio Tarasconi, kinyozi, alirithi mwiko huo kwa baba yake pamoja na kiti cha kinanda, akaushika hadi nywele zake mwenyewe zikawa nyeupe. Aliuvunja mara moja tu, mchana kweupe, kwa kupenda sifa.

Kinanda kile ni cha mabomba yanayoimba kwa upepo, na moja, nene kuliko yote, watu wa Montelera huliita Babu. Babu haimbi harusini wala kwenye sikukuu. Huimba jeneza linapotolewa mlangoni: sauti moja nzito, inayotikisa vioo na kushuka hadi tumboni, basi. Mama yake Egidio, Bi Armida, ambaye dirisha lake lilitazamana na mnara, alikuwa amemwomba mwanawe jambo moja.

"Nguo nivike yoyote, na maua usininunulie. Ila Babu anisindikize, kama alivyomsindikiza baba yako."

"Wasiwasi wa nini, mama? Si mimi nipo?"

Mpwa wa Egidio, Loris, alikuwa na bendi mjini Parma. Walikuwa vijana wa leo waliopenda roki ya zamani, ile ya gitaa zinazopinda kama moshi, mwangwi juu ya mwangwi, na sauti zinazorudishwa kinyumenyume hadi msikilizaji asijue kama ameketi au anaelea. Walikuwa wanamalizia albamu. Wimbo wa mwisho ulikosa kitu cha chini kabisa, na Loris hakuwa amemsahau Babu tangu mazishi ya baba yake Egidio. Walikwishajaribu kumrekodi mazishini, lakini saa ya mnara hugonga kila robo saa, na kila mara kengele iliingia katikati ya sauti yake. Ndiyo maana wakaja kanisani na mitambo yao siku ya Ijumaa Kuu.

"Mjomba, ni siku hizi tu mnara hunyamaza. Jumanne albamu inakwenda kiwanda cha santuri."

"Leo hapana. Unajua kabisa."

"Sauti moja tu! Jina lako tutaliweka kwenye jalada."

Mpiga ngoma wao, msichana mrefu aitwaye Mirca, akaangua kicheko. "Mwache, Loris. Kinyozi anaogopa padri atamnyoa yeye."

Egidio alipaswa kucheka naye, kisha aende zake nyumbani kula supu ya dengu. Badala yake akatoa ufunguo. Jina kwenye jalada! Mtu mzima huiona ndoano waziwazi, na bado humeza chambo.

Akafungua kinanda, akawasha mashine ya upepo, akakanyaga kanyagio la Babu. Babu akaimba. Vumbi likaanguka kutoka darini, na Loris, mbele ya mtambo wake, akatabasamu. Egidio akainua mguu. Babu hakunyamaza.

"Safi! Hivyohivyo, mjomba!"

"Sijakanyaga."

Wakadhani ni utani, hadi alipowaonyesha miguu yote miwili. Akaizima mashine. Sauti ikabaki. Mirca akaenda nyuma ya kinanda, akachomoa waya wa umeme, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba.

"Hakuna upepo," alisema. Hakuwa akicheka tena. "Hapa haitoki pumzi hata kidogo."

Walifungasha mitambo yao bila kuangaliana, ila waliyoyarekodi hawakuyaacha.

Maandamano ya msalaba yalipopita jioni ile, sauti ilikuwa chini ya sala zote. Wanawake waliulizana kwa macho. Egidio alimkuta mama yake dirishani, amevaa gauni lake jeusi na viatu vya kutokea.

"Nani kafa, Egidio?"

"Hakuna, mama. Bomba limekwama."

"Babu hakwami. Kama hakuna aliyekufa, basi hiyo ni yangu. Umenipigia mapema, mwanangu."

"Usiseme hivyo! Siku yako ikifika nitakupigia tena."

"Mtu huagwa mara moja."

Usiku wa mkesha kengele zilifunguliwa, padri akaanzisha Utukufu, na papo hapo Babu akanyamaza. Egidio alikanyaga. Kimya. Fundi aliyeitwa kutoka Cremona alilishusha bomba, akalisafisha, akalirudisha. Upepo uliingia na kutoka kama mtu anayehema usingizini, bila sauti.

"Bomba ni zima," alisema fundi akikusanya vyombo vyake. "Sina la kukueleza."

Albamu ikatoka, na jina la Egidio likawa jaladani. Bi Armida alifariki wakati wa kuvuna zabibu. Loris alikuja na santuri kwapani.

"Mjomba, tuipige hii. Babu yumo humu."

"Humo ameshapigwa," alijibu Egidio. "Ondoa."

Jeneza lilitoka mlangoni, na kilichosikika ni visigino vya wabebaji tu. Egidio alibaki kitini, mguu wake umekandamiza kanyagio hadi mwisho, mpaka kanisa likawa tupu. Mama yake alikuwa amemwomba jambo moja, na alizikwa bila kulipata.