Kabureta Iliyofichwa Majivuni

Asubuhi hii ukungu umelala juu ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, na Anaclet Zagabe, fundi wa pikipiki, hajagusa nyundo. Amechuchumaa kibarazani pake, kando ya njia ya kushukia sokoni. Kabureta imo mkononi, anaipuliza tundu baada ya tundu. Pumzi haipiti. Anaisogeza puani, ananusa.

"Maman, hii mulifichaka wapi?"

Mélanie, aliyeileta, anatazama chini. "Mu majivu, papa. Chini ya jiko."

Nyuma yake mumewe, Stanislas, anaguna.

Huu ni mwaka wa tatu wa vita hii ya pili, na Bukavu ni nadra pikipiki kulala nzima. Jioni mwenyewe huchomoa kabureta na kuificha, maana wenye bunduki hawana haja na pikipiki isiyowaka. Wako wanaoizika ndani ya unga, wako wanaoifunika kwa maharage. Mélanie aliona unga na maharage ndivyo vya kwanza kubebwa. Majivu nani atayataka? Hakujua kuwa majivu yakipata unyevu huitafuna kabureta kama kidonda.

Sasa ndani kumejaa ukoko mweupe, na jikleri, ile parafujo ndogo ya shaba inayoipimia injini petroli, imeganda.

"Zamani nilikuwa napata pikipiki tano, sita kwa siku," anasema Anaclet, mwenye miaka arobaini na mitatu. "Leo moja ikifika, muke wangu ananiuliza kama iko feti."

Hii ya leo haikuleta sherehe. Larissa, binti wa Mélanie na Stanislas, ana miaka saba. Alikwenda Kamituga kumtembelea mama yake Mélanie, mapigano yakafunga njia. Juzi mfanyabiashara mmoja alifika kutoka huko na habari mbili. Bibi yake Larissa amezikwa, mtoto yuko kwa majirani. Na barabara inapitika, kwa pikipiki tu, hakuna ajuaye mpaka lini.

Jikleri ikivunjika humo ndani, hakuna safari ya kumfuata. Vipuri havifiki tena mjini.

"Piga nyundo, papa, twende!" Stanislas anafoka. "Ni kichwa ya huyu mwanamuke ilituleta hapa."

Anaclet hainui uso. "Papa Larissa, wacha. Angeiacha ku pikipiki, leo ungeniletea nini? Maneno?"



Anaclet anaomba sufuria kwa Valérie, jirani anayeuza wali na mboga ya majani ya muhogo.

"Sufuria yangu ya sombe?" Valérie anamaka. "Wateja watakula supu ya karbirateri!"

Lakini anaitoa. Anaclet anakamulia ndimu majini, anatumbukiza kabureta, anaacha ichemke taratibu. Wakati huo ananoa ncha ya bisibisi kwa tupa, anaijaribu, ananoa tena. Ikiwa nyembamba kuliko mfuo wa jikleri, itaukwangua, na shaba iliyokwanguliwa haishikiki tena.

Anaiopoa ingali moto, kwa kitambaa. Ukoko umelegea. Anagonga mpini wa bisibisi kwa kipande cha ubao, polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kisha, badala ya kufungua, anakaza.

"Unafanya nini?" Stanislas anashtuka.

"Kitu yenye imeganda unaikaza kwanza kidogo. Ikiachilia upande ule, itaachilia na huu."

Bisibisi haisogei. Mélanie ameziba mdomo kwa kitenge. Anaclet anairudisha kabureta majini, anangoja, anaitoa, anaanza upya. Mara ya tatu kinasikika kitu kidogo, kama punje ya mahindi ikipasuka. Jikleri inazunguka.

Anaisafisha kwa uzi wa nailoni, anaunga kila kitu, anairudisha kwenye pikipiki yao. Injini inakohoa, inazima, inakohoa tena, inashika.

Stanislas anapanda. Hasemi asante, wala hayataji tena majivu. Anamwambia mkewe, kwa sauti ya chini, "Nipatie ile triko ya mutoto. Kule njiani kuko baridi."

Mélanie anafungua sweta ndogo kutoka kwenye kitenge, alikuja nayo. Pikipiki inapotea kwenye mteremko, naye anabaki ameketi kibarazani.

"Papa Anaclet, watarudi?"

"Maman, mimi najua tu ile nilifunga. Jikleri haitawakatalia."

Anaanza kusugua sufuria ya Valérie kwa mchanga. Akiulizwa anatamani nini, hataji gereji kubwa wala vyombo vipya.

"Siku mutu ataamuka akute pikipiki yake inje, nzima," anasema. "Siku ile nitakosa kazi nusu. Nikose tu."