Mche wa Chenza Jekundu

Asubuhi ile fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni. Saba au minane, vichwa nje, kama alivyozoea tangu ujana. Kiatu cha mwalimu kilikuwa magotini, kisigino kimebanduka. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ananoa kisu chake kidogo kwenye jiwe. Mara tatu upande huu, mara tatu upande ule.

"Chai inapoa, Fundi."

"Mm."

"Bati la jikoni linavuja tena."

"Mm."

"Hivi mimi niliolewa na mtu au na ng'ombe?"

Fundi alicheka kwa pua, asije akameza msumari. Yeye mkewe alicheka kwa sauti. Kisha akaanza kusema habari ya ule mche wa jekundu. Fundi alisikia maneno hayo mawili matatu ya mwanzo, nyundo ikashuka, yaliyofuata yakapita. Aliona tu kisu kikielekezwa kule nyuma, kwenye kitalu. Akasema, "Mm."

Mkewe alimtazama. Akasema neno jingine moja, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Kule sokoni alikaa kwenye benchi la mwuza mboga, akaomba maji. Maji yalipofika, mwenyewe alikuwa ameshaondoka duniani.

Watu walimwita Bibi Chenza. Hakusoma, wala mumewe hakusoma. Lakini mti wa jamii ya michungwa ukimwonyesha jani moja tu, alikuwa anakutajia ukoo mzima. Kazi yake ilikuwa kubebesha miche: anakata kikonyo cha mti wenye tunda zuri, anakipachika kwenye shina la mdanzi, mchungwa mkali na mgumu, anafunga, anangoja mpaka viwili viwe kimoja. Mikono yake ilinuka maganda mwaka mzima. Fundi aliambiwa hivyo na watu. Yeye pua yake ilikwisha kufa zamani kwa gundi ya viatu, hanusi hata moshi.

Utotoni baba yake Bibi Chenza, aliyekuwa mpagazi, alirudi safari moja ya milimani na chenza moja mfukoni. Ganda lake jekundu. Si la rangi ya chungwa lililoiva sana. Jekundu, kama shaba iliyosuguliwa. Walikula watoto watano, kila mmoja vipande viwili. Yeye akaomba ganda. Alilitunza kwenye kopo la dawa mpaka likawa jeusi na gumu kama ngozi ya kiatu, na akaolewa nalo. Vitu alivyokuja navyo kwa mumewe vilikuwa sufuria mbili, mkeka na lile ganda.

Miaka arobaini alilitafuta tunda hilo. Wachuuzi walijua. Kila aliyeona chenza lenye wekundu alimletea. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anakwaruza ganda kwa ukucha, aone wekundu unaingia mpaka kwenye weupe au umelala juu tu. Kisha anafikicha jani, ananusa macho yamefumba. Mwisho anapasua mbegu kwa meno. Ndani ikiwa kijani, hilo ni chenza la kweli. Ikiwa nyeupe, ni chungwa limejipendekeza.

Mchuuzi mmoja alimletea matatu mekundu yanang'aa. Bibi Chenza alilitemea mate moja, akalifuta kwa upindo wa nguo. Nguo ikawa nyekundu.

"Hili umelipaka wewe au mkeo?"

"Aa, mama, ndivyo yalivyozaliwa."

"Basi kamuogeshe mtoto wako, anachuja rangi."

Mwingine alileta lililokuwa jekundu ndani, nyama yake kama damu. Akamrudishia. "Nataka jekundu la nje, baba. La ndani wanalo wengi."

Mwaka huu, miezi mitatu kabla ya asubuhi ile, dereva wa lori la njia ya milimani alisimama mlangoni na tawi limefungwa gazeti bichi. Tawi lilikuwa na tunda moja. Bibi Chenza alikwaruza. Akafikicha. Akapasua mbegu. Alikwenda kuleta lile kopo la dawa, akaweka ganda jeusi kando ya tunda, akakaa hivyo mpaka chai ya dereva ikaisha na dereva akaaga mwenyewe. Tawi lilitoa vikonyo vitatu. Viwili vilikauka. Kimoja kilishika.

Huo mche mmoja hakuuwekea alama. Wezi wa vikonyo walikuwa wengi. Ukiutenga mche, unawaonyesha. Aliuficha katikati ya michenza ya kawaida, miche mia na sitini ndani ya viriba vya plastiki, majani sawasawa. Alama ilikuwa kichwani mwake.

Siku ya msiba dereva alikuja. Alishika mkono wa Fundi, hakuuachia upesi.

"Mzee, ule mti niliokata tawi nao wameung'oa. Wanapanua barabara. Nilitaka kumwambia yeye kwanza."

Ndipo Fundi alipojua kilichobaki duniani cha lile tunda kiko nyuma ya nyumba yake, na yeye hajui ni mche upi.

Hata hivyo alitaka kufanya mema. Wiki ya tatu alikumbuka kwamba kikonyo kikishashika, ile kamba ya kufungia hukatwa, la sivyo hukaba mche. Mkewe alikuwa akiifanya kazi hiyo kila mara. Fundi alichukua kisu chake cha ngozi, akapita mche kwa mche, akakata kamba zote mia na sitini, macho kwenye ncha ya kisu tu, asiguse gome. Hakuujeruhi hata mmoja. Kamba akazitia debeni. Jioni hiyo alikula vizuri, mara ya kwanza tangu mazishi.

Binti yao alikuja kumchukua. Anakaa mbali, kule milimani kwenye baridi.

"Baba, hapa peke yako haiwezekani. Mtu wa kununua miche anakuja Jumamosi, anabeba yote."

"Yote?"

"Nani atamwagilia? Wewe?"

Fundi alimwambia habari ya chenza jekundu. Binti alimsikiliza, maana lile kopo alilijua tangu utoto.

"Sasa upi, baba?"

"Alinionyesha."

"Upi?"

Fundi alielekeza nyundo kule kitaluni, kote.

Siku hizo mambo yalianza kumjia. Akiwa peke yake chumbani mchana, anasikia kisu jiweni, mara tatu, mara tatu. Anasema, "Mm," halafu anashtuka, kizingiti kitupu. Jambo la pili lilimtia baridi zaidi. Pua ile iliyokufa ilianza kunusa. Harufu ya ganda la chenza, kali, mbichi, inaingia kwa mlango wa nyuma, inakaa kidogo karibu ya bega lake, inaondoka. Alikwenda kitaluni akafikicha majani, moja moja, akayaweka puani. Hayakunuka chochote. Akirudi ndani akaketi, harufu hiyo tena.

Misumari aliacha kuiweka mdomoni. Alishika mmoja mmoja kwenye kiganja. Mwalimu alipofuata kiatu chake alishangaa.

"Fundi, mbona siku hizi misumari mkononi?"

"Meno yamelegea."

Ijumaa alimwaga zile kamba apate debe la kubebea vyombo. Zilikuwa za nailoni, pana, nyeupe. Katikati yake uzi mmoja mweusi.

Aliuokota. Aliuvuta baina ya vidole. Ulikuwa wake, uzi wa nta wa kushonea soli. Akakumbuka siku ya lile tawi, yeye akifungua sanduku la kazi na kufoka, "Nani kaukata uzi wangu?" na mkewe akijibu kutoka kitaluni, "Panya!" Nailoni ilikuwa imemwishia mkewe siku hiyo ya vikonyo vitatu. Basi alama ilikuwepo. Na yeye ameikata kwa mkono wake.

Fundi alikaa chini na uzi mkononi. Binti alimwita mara mbili.

Kisha akainuka. Jua lilikuwa bado juu. Aliingia kitaluni kwa magoti, akaanza safu ya kwanza. Hakutazama majani. Alipitisha kidole gumba kwenye kila shina, pale kikonyo kilipopachikwa, kama anavyopapasa mshono. Nailoni huacha alama pana, laini. Uzi wa nta hukata. Alishona kwa uzi huo miaka hamsini. Anajua unavyouma ngozi.

Mche wa mia na kumi na kitu, kidole kilisimama. Vifereji vyembamba, saba, vimekazwa sawasawa. Na ubavuni alama ya fundo. Fundo la fundi viatu, lile alilomfundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, wakicheka, mikono imenatana kwa nta.

Hakumwita mtu. Alibaki amelishika shina.

Jumamosi mtu wa miche alibeba mia na hamsini na tisa. Fundi alipanda lori la dereva wa milimani, binti katikati, mche akauweka baina ya miguu yake mwenyewe. Kule kuna baridi, na tunda hilo bila baridi haliwi jekundu. Mkewe alisema hivyo kila mwaka. Mche utazaa baada ya miaka minne, mitano. Fundi alihesabu miaka yake mwenyewe, akaukaza mche kwa magoti.

"Mzee, una hakika ndio wenyewe?" dereva aliuliza.

"Ndio."

Hakusema "mm."

Lakini aliyoambiwa asubuhi ile hajui mpaka leo. Huenda ilikuwa habari ya uzi. Huenda ilikuwa kitu kingine kabisa. Anachojua ni lile neno la mwisho, kabla ya kikapu, maana hapo nyundo ilikuwa juu, haijashuka, na alilisikia lote. Mkewe alisema:

"Ukishatema hiyo misumari, nitakuambia tena."