Samaki Wasiovuliwa

Chuo kikuu kilipofungwa nilirudi Kolwezi na nusu ya digrii ya falsafa. Nyumbani hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu wa redio zilizokufa, wa barua za serikali na, msimu ule, wa viwavi wa kabichi.

Kampuni ya migodi ilikuwa imeanguka na mji mzima ulikuwa unalima. Mama alilima ukingoni mwa mto Lualaba, pale maji yanapoingia kwenye matete. Kutoka shamba lililoachwa alikuwa amepata pipa la dawa ya wadudu.

"Injenyeri, utatusomea ao utatupulizia?" alinitania jirani yetu, mama mwenye asili ya Kasai, aliyelima kando yetu.

Kibandiko cha Kifaransa kilisema dawa isitumike karibu na maji. Mstari huo niliuruka kimya. Mtaalamu gani anakubali kwamba hahitajiki? Na kwa kuwa pipa lilikuwa la zamani, nikaongeza kipimo mara mbili. Viwavi walikufa siku hiyohiyo. Nilisifiwa.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili. Vyura wakanyamaza. Ndege wa matete hawakuonekana tena.

Wakati huo watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, walikuwa wanafukuzwa kutoka kwetu Katanga, nyumba kwa nyumba. Jirani yetu, mzaliwa wa Kolwezi, alihamia stesheni na watoto wake wanne, wakingoja treni chini ya turubai.

Asubuhi moja samaki walielea, matumbo juu. Mama aliwaokota kwa beseni. "Mungu hasahabu batu yake," alisema, akawakausha wote kwa moshi, kwa ajili ya jirani. Kwetu chakula cha msafiri hakionjwi, wala hakirudishwi. Nilijiambia kwamba moshi utaondoa dawa. Falsafa inamsaidia mtu kujiambia mambo.

Kesho yake mama alipeleka kikapu. Aliporudi, bata wetu waliokula matumbo ya wale samaki walikuwa wamelala chali. Nikakimbia stesheni.

"Mama, naomba ile samaki," nilimwambia jirani.

"Nyumba mulishakamata. Sasa hata samaki?"

"Batoto bamekula?"

"Hatuyafungua bado. Ni ya njiani."

"Iko na sumu. Ni ile dawa ya kabichi, mi ndiye nilipima."

Alikivuta kikapu kutoka chini ya turubai. "Basi ni kweli balisema. Munatutilia sumu." Halafu, polepole: "Mama yako alijua?"

"Hapana. Mi tu."

Akakitupa kikapu relini. Watu waliokuwa na njaa ya wiki nzima waliruka chini. Nami niliruka, nikipiga teke, nikipokonya, nikipiga kelele kwamba ni sumu. Lakini kijana wa Katanga kuwafokea watu wa Kasai halikuwa jambo geni pale, hakuna aliyenisikiliza.

Nilirudi na samaki tisa. Mama alikuwa amekausha karibu arobaini. Treni iliondoka alasiri, na watu walikuwa wamekaa mpaka juu ya paa.